Hamu, ari na bidii: waya kichwani, kidonge au ratiba?

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu chuoni, na ripoti ya mafunzo kwa vitendo imemshinda kuandika tangu Agosti. Wiki iliyopita alinitumia video ya mtu aliyepooza anayecheza chesi kwenye kompyuta kwa kuwaza tu, akaambatanisha na ujumbe wa sauti: "Anko, hicho kidude kikifika Bongo, mimi wa kwanza. Waniwekee tu ya kuondoa uvivu." Nilicheka kwa ajili ya hilo neno Bongo, maana humo ndimo kidude chenyewe kingeingia. Baadaye nikajikuta nalichukulia swali lake kwa uzito. Wapo madaktari, wanafalsafa na matajiri wa teknolojia wanaobishania jambo hilohilo, ila wao hawasemi "uvivu".

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Kidude cha kwenye video hakikutengenezwa kuongeza motisha. Kipandikizi cha kampuni ya Neuralink, kilichowekwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza Januari 2024, kina elektrodi 1,024, yaani ncha ndogo za kupitishia umeme, kwenye nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele, na kazi yake ni kusikiliza. Kinasoma seli za ubongo zinazopanga kusogeza mkono, ili mtu asiyeweza kusogea aendeshe kompyuta. Hakimsukumi kufanya lolote. Vya kusukuma ni vifaa vya ukoo mwingine, ukoo mkongwe wenye madoa yake, na hivyo ndivyo vinavyobishaniwa kila hoja ya kupandikiza hamu inapoibuka.

Na neno "motisha" lenyewe halitusaidii. Kazini kwetu motisha ni bahasha ya mwisho wa mwezi au semina yenye posho. Kiswahili kina maneno matatu yanayolenga vizuri zaidi. Hamu ni ule mvuto wa kukitaka kitu. Ari ni moto wa kutokubali kushindwa mambo yanapokuwa magumu. Bidii ni kuendelea kutoa nguvu siku baada ya siku, hata siku ambazo hamu imelala. Maabara za Marekani na Ulaya, bila kujua Kiswahili, zimefika karibu na mgawanyo huohuo. Kwa hiyo anayetaka kuchagua kati ya waya, kidonge na ratiba inabidi ajue kwanza ni lipi kati ya hayo matatu limemkauka. Asipojua, atatibiwa goti wakati kinachouma ni kiuno.

Waya

Habari inaanzia Montreal, Chuo Kikuu cha McGill, mwaka 1954. James Olds na Peter Milner walichomeka elektrodi ndani ya ubongo wa panya, wakampa kitufe: akibonyeza, umeme kidogo unapita. Panya walibonyeza mamia ya mara kwa saa, na katika majaribio yaliyofuata maelfu. Magazeti yakapokea habari kwamba "kituo cha raha" kimepatikana, na jina hilo likaishi miaka mingi kuliko lilivyostahili.

Walioliondolea heshima jina hilo ni Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan. Walionyesha kwamba dopamini, ile kemikali inayosifiwa kila kona, inahusika na kutaka kuliko kufurahia. Panya aliyeondolewa karibu dopamini yote bado hulamba midomo kwa utamu ukimdondoshea sukari mdomoni, lakini hatanyanyuka kuifuata hata kama iko mbele yake; ukimwacha peke yake atakufa njaa kando ya chakula. Ukizidisha dopamini inakuwa kinyume: mnyama anakihangaikia kitu zaidi, na anapokipata hakifurahii zaidi ya mwenzake. Soma tena habari ya panya wa Montreal ukiwa na hilo kichwani. Inawezekana kabisa hakuwa akila raha. Inawezekana alikuwa na kiu ambayo kila tone linaizidisha.

Hapo ndipo shaka yangu kuhusu vipandikizi vya hamu ilipoanzia, na sijaona bado kilichoiondoa.

Kifaa kinachotumika leo kinatokana na kazi ya Alim-Louis Benabid na wenzake kule Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, walipogundua kwamba umeme wa kasi kubwa ndani kabisa ya ubongo hutuliza mikono inayotetemeka. Fuvu linatobolewa, waya wenye unene wa milimita 1.3 hivi unashushwa hadi mahali palipopimwa kwa milimita, kisha waya mwingine unapitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, hadi kwenye kikopo chenye betri kilichofukiwa chini ya mtulinga. Kinapiga kama mara 130 kwa sekunde, mchana na usiku. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kitumike kwa tetemeko mwaka 1997 na kwa Parkinson, ugonjwa unaotetemesha na kukaza mwili, mwaka 2002, na watu zaidi ya 160,000 duniani wameshawekewa. Kwa tetemeko ni kifaa cha ajabu: mtu aliyeshindwa kushika kikombe anajimiminia chai mwenyewe. Hakuna nchi iliyokiruhusu kumwongezea ari mtu mzima wa afya.

Lakini vidokezo vipo, na ndivyo vinavyowatia watu tamaa.

Cha hamu kilitoka Ujerumani. Mwaka 2008 timu ya Thomas Schlaepfer ya Bonn, ikishirikiana na wapasuaji wa Cologne, ilieleza habari za wagonjwa watatu wa sonona (depresheni) kali iliyokataa kila tiba. Waya ulilenga kiini kidogo kinachohusika na kutaka. Umeme ulipowashwa, mgonjwa mmoja alisema amekumbuka kwamba yuko Cologne na hajawahi kuliona kanisa kuu la mji ule. Kesho yake akaenda kuliona. Mwingine akasema anatamani kurudia mchezo wa bowling aliouacha zamani. Ukiwa umewahi kukaa na mtu mwenye sonona, mtu ambaye hata kuoga ni mlima, utaelewa kwa nini madaktari waliyaandika maneno madogo kama hayo kwenye jarida la kisayansi.

Cha ari kilitoka Stanford mwaka 2013. Josef Parvizi alikuwa na wagonjwa wawili wa kifafa waliowekewa elektrodi ili kutafuta degedege linaanzia wapi. Alipopitisha umeme sehemu moja ya katikati ya ubongo, wote wawili walieleza hisia ileile: kuna kikwazo kinakuja, na lazima nikivuke. Mmoja alifananisha na kuendesha gari kuelekea kwenye dhoruba huku ukijisemea kaza, kaza, utapita. Walipodanganywa kwamba umeme umewashwa, hawakuhisi kitu. Mimi kinachonishangaza katika habari hii ni kitanda. Watu hawa walikuwa wamelala hospitali, mbele yao hakuna dhoruba wala kilima wala kazi iliyowasubiri. Ari ilikuja mikono mitupu, haina pa kwenda.

Cha bidii hakijatoka popote. Tunajua kwamba dopamini inahusika na utayari wa kulipa gharama ya juhudi: katika maabara ya John Salamone, panya waliopungukiwa dopamini waliacha kuruka kizuizi ili wapate chakula kingi, wakaridhika na kidogo kilichowekwa chini. Waya unaomfanya binadamu aendelee kuandika ripoti mwezi wa tatu mfululizo haujaonekana.

Sasa matokeo kwa wengi. Mwaka 2005 Helen Mayberg na Andres Lozano, wakiwa Toronto, walitangaza kwamba wagonjwa 4 kati ya 6 wa sonona sugu walipata nafuu kubwa kwa kusisimuliwa eneo jingine la ubongo. Dunia ikasimama. Kampuni zikafuata na majaribio makubwa zaidi, ambamo wagonjwa wote wanawekewa waya lakini kwa muda baadhi yao hauwashwi, wala wenyewe hawajui. Jaribio la wagonjwa 30 lililochapishwa mwaka 2015 halikuona tofauti ya maana kati ya waliowashiwa na wasiowashiwa. La wagonjwa 90, lililochapishwa mwaka 2017, halikuona tofauti baada ya miezi 6. Katika hilo la pili, wagonjwa walipofuatiliwa hadi miaka 2 huku wote wamewashiwa, karibu nusu yao walikuwa na nafuu kubwa, na kwa watu walioshindwa na kila dawa hilo si dogo. Wengine wanasema muda wa majaribio ulikuwa mfupi mno, wengine wanasema waya haukulengwa sawasawa. Ubishi huo haujaisha. Ila kumbuka: hawa ni wagonjwa waliokuwa chini kabisa, na hata kwao jibu ni "huenda". Kijana mwenye ripoti yuko mbali nao sana.

Gharama ya waya haiko kwenye bili peke yake, ingawa bili ni makumi ya maelfu ya dola. Mtu 1 au 2 kati ya 100 huvuja damu kwenye ubongo wakati wa upasuaji. Wengine hupata maambukizi, na ikibidi kila kitu kinatolewa. Betri za kawaida huisha baada ya miaka michache, na kuzibadilisha ni kurudi tena kwa mpasuaji.

Halafu kuna gharama ambayo haimo kwenye fomu. Uholanzi, mgonjwa wa Parkinson aliwashiwa waya, akaweza kutembea, lakini akapandwa na wazimu wa furaha: akatumia fedha kupita uwezo wake hadi akazama kwenye madeni. Waya ukizimwa akili inatulia, na yeye anabaki kitandani hawezi kujisaidia lolote. Madaktari walimuuliza waya ukiwa umezimwa, akili yake ikiwa timamu: unataka ipi? Akachagua waya uwashwe na yeye alazwe hospitali ya magonjwa ya akili. Nimelirudia tukio hili mara nyingi na bado sijui ningechagua nini. Linaonyesha wazi, kuliko hoja zote za wanafalsafa, kwamba kifaa kinachogusa kutaka kinamgusa pia yule anayepaswa kuamua kama anakitaka kifaa.

Kwa upande mwingine kuna Mjerumani mwenye ugonjwa wa hofu na fikra za kujirudia, ambaye madaktari walimjaribu kwa volti tofauti. Katika kipimo cha juu alijihisi vizuri kupita kiasi, hata mwenyewe akaona imezidi. Waliporudi kwenye kipimo cha wastani na hofu ikawa imedhibitiwa, aliomba waongeze kidogo, awe na furaha zaidi. Walikataa. Ugonjwa walikuwa wameutibu, furaha ya ziada haikuwa kazi yao. Kama unatafuta mstari wa kati wa mjadala mzima, uko katika chumba kile.

(Na Amsterdam kuna mgonjwa aliyewashiwa waya, na miezi kadhaa baadaye akawa mpenzi mkubwa wa mwanamuziki Johnny Cash, hataki kusikiliza mwingine. Betri ikiisha, mapenzi yanaisha. Hilo nalitaja kwa kuwa siwezi kulisahau.)

Kidonge

Kidonge kina heshima moja ambayo waya hauna: kesho kimetoka mwilini. Ukikosea, umekosea kwa saa chache.

Kwa wagonjwa wa kweli kuna ushahidi mzuri. Watu wenye Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, mara nyingi hupoa, wakakaa kwenye kiti kutwa bila kuuliza lolote, na familia hudhani wamesusa. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2021 liliwapa wagonjwa 200 ama methilifenideti, dawa ya kuchangamsha ubongo, miligramu 20 kwa siku au kidonge kisicho na dawa. Baada ya miezi 6 waliopata dawa walikuwa wamechangamka kuliko wenzao. Si muujiza, ila ni tofauti ambayo mke au binti anaiona nyumbani.

Kwa wasio wagonjwa habari inageuka. Mwaka 2023 watafiti wa Melbourne na Cambridge waliwapa vijana 40 wenye afya dawa tatu zinazosifiwa vyuoni, methilifenideti, deksamfetamini na modafinili, kila moja kwa wakati wake, pamoja na kidonge bandia. Wakawapa fumbo ambalo kila aliyewahi kupima begi uwanja wa ndege analijua: vitu vyako vina thamani tofauti na uzito tofauti, na kilo zina kikomo, chagua mchanganyiko wenye thamani kubwa kuliko yote. Wenye dawa walihangaika zaidi, wakachukua muda mrefu zaidi, wakahamisha vitu mara nyingi zaidi, na kila hatua yao ilikuwa ya hovyo kuliko walipokuwa bila dawa. Waliokuwa hodari ndio walioelekea kushuka. Walipewa bidii, ikala umakini wao. Ningependa kila mwanafunzi anayenunua vidonge hivyo kwa siri asome utafiti huu kabla ya kulipa.

Sisi huku tunaye ndugu wa ukoo huo. Mirungi ina kathinoni, ambayo inafanana na amfetamini na hufanya kazi kwa njia ileile ya kumwaga dopamini. Kenya ni zao halali linalolisha familia Meru. Tanzania kukutwa nayo ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Dereva wa usiku atakuambia inampa macho na maneno mengi. Muulize hesabu za safari aliyoipiga akiwa amechana, uone zinavyosomana.

Na kidonge nacho kinaweza kumteka anayechagua. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, waliripoti wagonjwa 11 wa Parkinson waliogeuka wacheza kamari wakitumia dawa zinazoiga dopamini, wengi wao pramipeksoli. Watu ambao maisha yao yote hawakuwa na habari na kamari wakamaliza akiba. Dawa ilipopunguzwa au kuachwa, tamaa ikazima kama taa kwa waliofuatiliwa. Uzuri wa kidonge uko kwenye neno hilo, "ilipoachwa". Waya hauachwi hivihivi.

Sumaku na mawimbi

Hapa napita haraka. Ipo njia ya kusisimua ubongo kwa sumaku kutoka nje, bila kutoboa. Marekani iliiruhusu kwa sonona mwaka 2008. Unakaa kwenye kiti kila siku kwa wiki kadhaa, kichwa kinagongwagongwa na mapigo ya sumaku, unakwenda zako nyumbani. Kwa mwenye sonona iliyokataa dawa, naiweka mbele ya waya bila kusita. Na Januari 2025 Uingereza ilitangaza jaribio la pauni milioni 6.5, chini ya wakala wa serikali uitwao ARIA, la kifaa kinachotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika ili kupima na kubadili kazi ya ubongo bila kuingia ndani yake. Wanaanza na wagonjwa ambao tayari sehemu ya fuvu iliondolewa kwa sababu ya majeraha. Kifaa hicho ndicho kilichorudisha mezani mazungumzo ya "kuongeza motisha", lakini jaribio lenyewe ni la usalama kwanza.

Ratiba

Jina la kitabibu ni tiba ya kuamsha vitendo. Mimi naiita ratiba kwa kuwa ndicho kitu unachokiona kwenye karatasi. Mantiki yake inakwenda kinyume na tulivyozoea. Tunadhani hamu hutangulia, kazi ikafuata. Tiba hii inasema fanya kidogo kwanza, saa iliyopangwa, ukiwa na hamu au huna. Hamu huja nyuma kama mtoto anayesusa kutembea hadi aone umeshaondoka. Unaandika ulichofanya na ulivyojisikia. Mtoa tiba anatazama nawe daftari, mnagundua ni mambo gani unayakwepa na yepi yanakurudishia uhai, mnaongeza haya mnapunguza yale.

Inasikika kama nasaha za shangazi, na ndiyo maana watu huidharau. Mwaka 2016, jaribio lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Exeter liliwachukua watu wazima 440 wenye sonona huko Uingereza. Nusu walipata tiba ya kurekebisha fikra kutoka kwa wataalamu waliosomea hasa. Nusu walipata ratiba kutoka kwa wahudumu wa ngazi ya chini waliofunzwa kwa muda mfupi. Baada ya mwaka matokeo yalilingana, na ratiba iligharimu pungufu kwa karibu asilimia 20. Zimbabwe walikwenda mbali zaidi: daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kusikiliza matatizo ya watu, na wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tiba ile ni ya kutatua matatizo, jirani wa hii, na mpango wake ulifika hadi Zanzibar.

Udhaifu wa ratiba nauona pale pa kuanzia. Mtu aliyeharibika sehemu ya ubongo kwa kiharusi, asiyesema wala kunyanyuka mpaka aambiwe, hutampa daftari. Mwenye sonona kali anaweza asifike hata kwenye benchi. Huyo anahitaji dawa, pengine sumaku, na akifika mwisho wa barabara, ndipo azungumze na watu wa waya.

Wanaobishana wanasemaje

Wanaotetea kuongeza hamu kwa watu wazima wa afya wana hoja ambayo siidharau. Wanasema bahati haigawanywi sawa: wengine huzaliwa na injini, wengine wanajisukuma maisha yote, na tofauti hiyo hawakuifanyia kazi. Tunaruhusu kahawa. Tunaruhusu miwani. Kwa nini tukate mstari kwenye waya, kama siku moja utakuwa salama?

Wanaopinga wanakumbusha Tulane, New Orleans, ambako kuanzia mwaka 1950 Robert Heath aliwawekea wagonjwa wa akili elektrodi, na miaka ya 1970 akaripoti kumtumia umeme huo kijana mmoja ili ambadilishe awatamani wanawake. Mtu anayeshika kidhibiti cha hamu, wanasema, haridhiki na kuiongeza. Ataichagulia pa kwenda. Chile iliogopa jambo hilo kiasi cha kuongeza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba yake mwaka 2021, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo.

Mimi hoja yangu ni ya chini zaidi, ya kazini. Kukosa hamu mara nyingine ni taarifa. Mfanyakazi ambaye hajalipwa miezi mitatu akikosa hamu ya kazi, ubongo wake unafanya kazi vizuri kabisa. Ukimwekea waya wa ari ataendelea kuchapa kazi bila mshahara huku akijihisi shujaa. Nani atamnunulia waya huo? Si yeye.

Kwa hiyo uchague nini

Kama kilichokauka ni hamu ya kila kitu, chakula, watu, hata muziki, na imekuwa hivyo kwa wiki mbili au zaidi, usichague lolote peke yako. Nenda hospitali. Hiyo yaweza kuwa sonona, na tiba za kuanzia zipo.

Kama hamu ipo lakini kuanza kunakushinda, anza na ratiba, na uanze na kitu kidogo mpaka uone aibu. Kidonge bila daktari usikiguse. Ukipewa na daktari kwa ugonjwa uliopimwa, ni habari nyingine.

Kama unaanza vizuri halafu unaachia njiani, tazama kazi kabla ya kutazama ubongo. Inalipa? Kuna mtu anayeona unachofanya? Elektrodi haina jibu la maswali hayo.

Waya naona uwe wa mgonjwa ambaye kila kitu kimejaribiwa, katika hospitali inayofanya upasuaji huo mara kwa mara, na baada ya kupata majibu ya maswali ambayo hayamo kwenye kipeperushi. Nani atalipia betri ya pili? Jaribio likiisha, waya unabaki au unatolewa? Kampuni ikifilisika? Hili si swali la kufikirika. Kampuni ya Marekani iliyotengeneza kipandikizi cha macho cha Argus iliachana nacho, zaidi ya watu 350 wakabaki na vifaa visivyo na fundi. Australia, mwanamke mwenye kifafa aliyewekewa kifaa cha kumtahadharisha degedege linapokaribia alitakiwa kukitoa fedha za kampuni zilipoisha. Alipinga, akashindwa, na baadaye alieleza kuwa alihisi amepoteza sehemu ya nafsi yake.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu kwa simu, kwa ufupi kuliko nilivyoandika. Alikubali ratiba bila furaha: dakika kumi kila asubuhi, faili la ripoti liwe wazi, asipoandika akae nalo tu. Halafu akarudi kwenye betri. Nikamwambia zipo za kuchaji, unavaa mkanda wenye chaja juu ya kifua, unakaa nao muda kidogo kila baada ya siku kadhaa. Akanyamaza kidogo.

"Anko, na wiki ya mgao?"